Somo: Herufi za Rangi Mbili Zinazosomeka



Siku hizi kamati nyingi za parokia hujitengenezea mabango, kadi za michango, bahasha na fulana. Wengi wetu tunapenda herufi za rangi mbili, yaani nusu ya juu ya neno iwe na rangi moja na nusu ya chini rangi nyingine. Zikitengenezwa vizuri zinavutia na kumfanya mpita njia ageuze kichwa. Zikitengenezwa vibaya zinaficha lile tulilotaka lisomwe.

Baada ya somo hili, mjumbe anayejua kuwasha kompyuta na kushika kipanya ataweza:
– kuchagua rangi mbili zinazoacha neno lisomeke kwa mbali;
– kutengeneza herufi za rangi mbili kwa programu ya Inkscape;
– kutunza faili la asili, ili kosa dogo lisigharimu bango zima.

Tulivyojifunza kwa gharama

Niseme wazi kwamba jambo hili nimejifunza kwa fedha za watu wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya changizo la tangi la maji la zahanati, na mimi ndiye niliyechora bango. Niliandika JUMAPILI YA MAVUNO kwa herufi kubwa, nusu ya juu njano na nusu ya chini kijani, juu ya kitambaa cheupe. Kwenye kioo cha kompyuta lilipendeza sana, na wajumbe walilipitisha bila swali.

Tulipolitundika kando ya barabara, mzee mmoja alisimama akalitazama kwa muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, hayo maandishi mtayamalizia lini?" Nikarudi nyuma hatua ishirini nikaona alichokiona yeye. Juani, njano ilikuwa imemezwa na weupe wa kitambaa. Kilichobaki ni nusu ya chini ya kila herufi: U na O zimekuwa vikombe viwili vinavyofanana, M na N zimebaki miguu tu.

Siku hiyo hiyo tukagundua kwamba na tarehe ilikuwa imekosewa. Nikadhani nitaibadilisha kwa dakika tano, kumbe nilikuwa nimehifadhi picha ya bango peke yake. Faili lenye maandishi nilikwisha kulifuta. Ikabidi kuchora upya na kulipia bango la pili. Katika taarifa ya matumizi kwa wafadhili, katibu aliandika mstari mmoja: "Bango (mara ya pili)." Fedha ile ingenunua saruji ya msingi wa tangi. Mstari ule ndio ulionifanya niandike somo hili.

Mchoro wa vekta ni nini?

Picha iliyopigwa kwa simu imejengwa kwa nukta nyingi ndogo. Ukiikuza, nukta nazo zinakua. Chukua picha yenye nukta 900 kwa upana, uichape kwenye bango la mita 3: kila nukta itakuwa na upana wa zaidi ya milimita 3, na kingo za herufi zitaonekana kama ngazi.

Mchoro wa vekta haujengwi kwa nukta. Kompyuta inakumbuka umbo lenyewe: mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale, ndani una rangi fulani. Kwa hiyo mchoro ule ule unafaa kwa kadi ya mkononi na kwa bango la mita 3, na kingo zake hubaki safi. Herufi ikishakuwa umbo inaweza kukatwa mahali popote, kama fundi cherehani akatavyo kitambaa kwa mkasi. Ndiyo siri ya rangi mbili.

Inkscape ni programu ya michoro ya namna hiyo. Ilianza mwaka 2003, na toleo lake namba 1.0 lilitoka mwaka 2020. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Hailipiwi, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuitumia na kumpa jirani yake nakala. Kwa vikundi vinavyotumia fedha za michango hili si jambo dogo, kwani hatuna sababu ya kutumia nakala ya wizi ya programu ya kulipia na kisha kutoa taarifa ya uaminifu. Faili lake la kawaida huitwa SVG, muundo uliopitishwa mwaka 2001 na W3C, chombo cha kimataifa kinachoweka kanuni za wavuti.

Chagua rangi kabla ya kugusa kipanya

Wengi huanza kwa kuchora na kumalizia kwa rangi. Kwa herufi za rangi mbili tufanye kinyume, kwa sababu rangi ndizo zinazoamua kama neno litasomeka.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Chukua karatasi, funika nusu ya chini ya mstari wowote ulioandikwa kwa herufi ndogo katika jarida hili. Utausoma bila taabu kubwa. Kisha funika nusu ya juu, ubakize ya chini. Hapo utakwama. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edmund Burke Huey, alilieleza jambo hili katika kitabu chake kuhusu usomaji mwaka 1908: nusu ya juu ya maandishi inamsaidia msomaji kuliko ya chini. Tazama neno "zahanati". Kwa chini, h na n zina miguu ile ile miwili. Kinachozitenganisha ni kile kijiti kirefu cha h, nacho kiko juu.

Herufi kubwa zina shida yake. E na F zinafanana juu, P na R nazo vivyo hivyo, na tofauti zao ziko chini. Kwa hiyo kanuni zetu ni mbili. Kwanza, rangi nzito ikae juu. Pili, hata rangi ya chini iwe na nguvu ya kutosha kuonekana peke yake.

Nguvu hiyo inaweza kupimwa. W3C wana kipimo cha tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili, kinachoanzia 1 (hakuna tofauti) hadi 21 (nyeusi juu ya nyeupe). Wanashauri maandishi makubwa yasipungue 3, na madogo yasipungue 4.5. Juu ya weupe, rangi tunazozipenda zinasimama hivi:

– njano tupu: takriban 1.1
– nyekundu tupu: 4
– kijani kilichoiva: 5.1
– buluu tupu: 8.6
– buluu ya giza: 16

Vipimo hivi viliwekwa kwa ajili ya vioo vya kompyuta, lakini kwa bango pia ni mwongozo mzuri. Njano yangu ilikuwa 1.1. Mzee yule hakuwa na tatizo la macho. Mimi ndiye niliyeandika kwa rangi isiyoonekana.

Mpangilio salama kwa kitambaa cheupe ni buluu ya giza juu na kijani kilichoiva chini, au buluu ya giza juu na buluu ya kawaida chini. Njano haijakatazwa. Ipeleke kwenye kitambaa cheusi au cha buluu ya giza, nayo itang'aa.

Jambo jingine ni watu wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, ambako baadhi ya wafadhili wetu wanatoka, takriban mwanamume 1 kati ya 12 yuko hivyo. Usitumie nyekundu na kijani kutenganisha maana, kwa mfano "tumepata" kwa kijani na "bado" kwa nyekundu, bila kuandika maneno yenyewe.

Hatua kwa hatua

Tutaandika neno MAVUNO: juu buluu ya giza, chini kijani. Hesabu ya vitufe: Ctrl+D maana yake shikilia Ctrl, kisha gusa D.

1. Andika neno. Katika safu ya zana iliyo kushoto, chagua zana yenye herufi A, bonyeza katikati ya ukurasa, andika MAVUNO. Chagua fonti nene. Fonti nyembamba au ya mapambo haifai, kwa sababu ukiigawa rangi mbili kila rangi inapata uzi tu.

2. Hifadhi faili la asili. Kabla ya kuendelea, gusa Ctrl+S na ulipe faili jina kama "mavuno-asili". Kisha gusa Ctrl+Shift+S, uhifadhi tena kwa jina "mavuno-rangi", na uendelee na hilo la pili. Katika lile la kwanza maandishi bado ni maandishi, na tarehe ikikosewa utaisahihisha kwa kuandika. Hatua hii inachukua nusu dakika, nami niliiruka.

3. Geuza maandishi kuwa maumbo. Chagua zana ya mshale, bonyeza neno, kisha gusa Ctrl+Shift+C. Kuanzia hapa kompyuta haioni tena neno, inaona maumbo sita yaliyofungwa pamoja. Faida nyingine ni kwamba hata kama mchapaji hana fonti yako, umbo halitabadilika.

4. Unganisha maumbo. Gusa Ctrl+Shift+G ili kuyafungua, kisha fungua menyu ya Path na uchague Union. Neno zima limekuwa umbo moja.

5. Paka rangi ya chini. Gusa Ctrl+Shift+F kufungua dirisha la rangi. Katika kisanduku cha RGBA andika 008000ff, hicho ndicho kijani kilichoiva. Neno zima litakuwa kijani. Usishangae.

6. Tengeneza nakala. Gusa Ctrl+D. Utaona kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa kuwa nakala imekaa juu ya neno la kwanza sawasawa. Bila kubonyeza kitu kingine, andika 000080ff katika kisanduku kile kile. Nakala inakuwa buluu ya giza na kulifunika neno la kijani.

7. Chora mstatili. Chagua zana ya mstatili, chora mstatili unaofunika nusu ya juu ya neno, upana wake uzidi neno kila upande. Angalia ukingo wake wa chini unapita wapi. Ukipita katikati ya kijiti cha kulala cha H au E, kijiti kitagawanyika kuwa nyuzi mbili za rangi tofauti, na kwa mbali kitaonekana kama kosa. Shusha ukingo kidogo mpaka kijiti chote kiwe juu. Katika MAVUNO hakuna H wala E, lakini kuna A, ambayo kijiti chake kiko chini zaidi. Hapo pitisha ukingo juu yake kidogo.

8. Kata. Kwa zana ya mshale bonyeza mstatili, kisha shikilia Shift na ubonyeze sehemu ya herufi iliyochungulia chini ya mstatili. Sasa umechagua mstatili pamoja na nakala ya buluu. Fungua menyu ya Path, chagua Intersection. Kinachobaki ni pale tu vilipokutana, yaani nusu ya juu ya buluu. Chini yake neno la kijani, ambalo lilikuwa zima wakati wote, linajitokeza. Rangi ikitoka tofauti, andika tena 000080ff. Ukikosea, Ctrl+Z inakurudisha nyuma.

9. Funga pamoja. Zungushia vyote kwa mshale, gusa Ctrl+G. Sasa neno linahama na kukua kama kitu kimoja.

Huenda mtu akauliza: kwa nini tusikate neno vipande viwili, juu na chini, tukavigusanisha? Inawezekana, lakini penye mshono mara nyingi huonekana uzi mweupe mwembamba, kwenye kioo na wakati mwingine kwenye karatasi. Tukiacha neno zima chini na kuweka nusu juu yake, hakuna mshono wa kupitisha mwanga.

Ukitaka mgawanyo wa mshazari, bonyeza mstatili mara ya pili kwa mshale mpaka mishale ya pembeni ibadilike, uuzungushe, kisha ukate kama kawaida.

Wanaotumia CorelDRAW hawana haja ya kuhama. Huko maandishi yanageuzwa umbo kwa Ctrl+Q, na amri ya kukata huitwa Intersect. Majina yanatofautiana, mkasi ni ule ule.

Njia fupi ya mteremko

Ipo njia nyingine isiyogeuza maandishi. Unalipa neno rangi ya mteremko, yaani rangi inayobadilika polepole kutoka moja kwenda nyingine, kisha unaongeza vituo viwili vya rangi katikati na kuvivuta mpaka vikutane. Mteremko unakatika ghafla na kuwa rangi mbili. Faida yake ni kwamba neno bado linahaririwa. Inafaa kwa matangazo yatakayotumwa kwa simu. Kwa fulana, na kwa herufi zinazokatwa na mashine kwenye plastiki ya gundi, tumia njia ya kwanza, kwa maana huko kila rangi inahitaji umbo lake.

Kupeleka kwa mchapaji

Peleka mafaili mawili: PDF kwa ajili ya kuchapa, na picha ya PNG ili mchapaji aone bango linavyopaswa kuonekana. Lile la asili libaki kwenu, nakala moja kwenye kompyuta ya ofisi na nyingine kwenye flashi ya katibu. Lisikae kwa mtu mmoja tu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kwani watu huhama na simu hupotea.

Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, na mashine hutengeneza kwa wino. Kijani na buluu zinazong'aa sana kwenye kioo hupoa zikichapwa. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya bango zima. Kikipatikana, kibandike ukutani nje, juani, urudi nyuma hatua ishirini. Mwite mtu ambaye hakuhudhuria kikao, umwambie asome. Usimwambie kilichoandikwa.

Fanya pia jaribio la nyeusi na nyeupe. Barua na kadi zetu nyingi huishia kwenye mashine ya fotokopi. Toa nakala moja uone. Rangi mbili zikiwa kijivu kimoja si neno. Nusu ya herufi ikitoweka, rudi kwenye kuchagua rangi.

Kuhusu fulana, kumbuka kwamba zinapochapwa kwa fremu, kila rangi ina fremu yake na inapitishwa peke yake. Rangi mbili ni fremu mbili na kazi mara mbili, na fremu ya pili ikisogea kidogo mwanya unaonekana. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba rangi ni mbili na uulize bei ya kila fremu. Kama fedha ni chache, fulana iwe na rangi moja, na rangi mbili zibaki kwenye bango.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Tazameni bango la mwisho mlilotundika. Je, linasomeka kutoka ng'ambo ya barabara saa sita mchana? Nani alilijaribu kabla halijachapwa?
2. Faili la asili la bango hilo liko wapi leo? Kama tarehe ingebadilika, mngelipia nini?
3. Nani katika parokia, hasa miongoni mwa vijana, anaweza kufundishwa hatua hizi tisa na kuwafundisha wengine wawili?
4. Je, rangi mbili zinahitajika kweli, au neno moja la rangi moja nzito lingetosha?

Swali la mwisho tusiliruke. Rangi mbili zinafaa kwa neno moja au mawili yanayobeba ujumbe, kama jina la siku au la kazi inayochangiwa. Tarehe, saa, mahali na namba ya kutuma mchango ziandikwe kwa rangi moja iliyo wazi, kwa sababu hizo ndizo zinazomleta mtu na kufikisha mchango wake.

Bango letu la pili lilikuwa na buluu ya giza juu na kijani chini. Kabla ya kulilipia nilimtafuta mzee yule yule nikamwonyesha kipande cha majaribio. Alikisoma chote, pamoja na tarehe, kisha akaniambia, "Sasa mmemaliza kuandika." Tangu siku hiyo, kamati yetu haichapi bango kabla mtu wa nje hajalisoma.